Nani Apate Mnofu, Nani Apate Mfupa: Historia Fupi ya Supu ya Dar es Salaam

Kila mwaka unapokaribia mwisho, magazeti na vitabu vya mapishi vya Ulaya na Marekani hurudia somo moja: namna ya kupika supu kwa mfupa wa paja la nguruwe uliobaki mezani baada ya Krismasi. Paja zima, lililotiwa chumvi na kufukizwa moshi, huliwa siku ya sikukuu. Mfupa wake hutiwa sufuriani pamoja na njegere kavu au maharagwe, na familia ikala siku mbili tatu zaidi. Ni somo zuri la uchumi wa jikoni. Lakini mtu akilileta Temeke au Kinondoni atakutana na swali ambalo waandishi wa mapishi hayo hawakulitarajia: huo mfupa uliobaki utatoka wapi? Katika nyumba nyingi za mji wetu sikukuu haiachi mfupa mzima. Huacha masufuria ya kusugua, wageni waliolala sebuleni, na pengine deni dukani.

Swali hilo laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Mimi naliona kuwa ni la historia na la siasa. Mfupa hautengani na mnofu kwa bahati. Hutenganishwa na mwenye kisu, kwa amri ya mwenye fedha, chini ya kanuni ya mwenye mamlaka. Anayetaka kujua jamii imegawanyika vipi aweza kuanza kwa kuuliza ni nani hupewa mnofu na ni nani huachiwa mfupa. Na katika Dar es Salaam, ambako supu ya asubuhi ni chakula cha dereva, kuli, fundi na mwanafunzi, historia ya mfupa ni sehemu kubwa ya historia ya mji wenyewe.

Shoka na gogo

Tuanze buchani, kwa maana huko ndiko tofauti ilikojificha. Mchinjaji wa Ulaya hukata mnyama kwa kufuata viungo na misuli; paja hubaki paja, ubavu hubaki ubavu. Mapaja ya nguruwe yalihifadhiwa hivyo kwa sababu ya majira. Mnyama alichinjwa kabla ya baridi kali, nyama yake ikatiwa chumvi na kuning'inizwa katika moshi ili ivuke miezi ya dhiki. Paja la Krismasi, kabla halijawa anasa, lilikuwa ghala.

Katika pwani yetu hakuna majira ya baridi ya kuvuka, na joto halimsubiri mtu. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri hutakiwa awe ameisha jioni. Bucha zetu za uswahilini zimejengwa juu ya ukweli huo. Pana gogo, pana shoka, pana mizani. Mteja akisema nusu kilo, mwuzaji hukata panapokatika, mfupa na mnofu kwa pamoja, kisha huongeza kipande cha kukamilisha uzito. Hiyo ndiyo nyama ya mchanganyiko. Mifupa ya ng'ombe mzima hugawanywa kwa wateja wote, kila mmoja akibeba sehemu yake nyumbani na kuilipia kwa bei ya nyama. Mtu aweza kunung'unika kwamba amepunjwa kwa kupewa mfupa mkubwa, lakini kwa jumla ni mgawanyo wenye haki ya namna yake: hakuna aliyekula mnofu mtupu, hakuna aliyebaki na mfupa mtupu. Nguruwe naye, kule anakouzwa, hukatwa kwa namna hiyohiyo. Nyama yake hukatwakatwa pamoja na mifupa kabla ya kukaangwa, na ndiyo maana sikukuu yetu haina mfupa wa paja wa kutia katika njegere.

Mgawanyo huo huvunjika linapoingia neno la pili la buchani: steki. Steki ni nyama isiyo na mfupa, na bei yake iko juu ya ile ya mchanganyiko. Wanunuzi wake ni hoteli, migahawa, wafanyaji sherehe, na nyumba zenye uwezo. Kila kilo ya steki inayotoka huacha mfupa nyuma. Mfupa huo lazima uende mahali, nao huenda kwa mpika supu, pamoja na kichwa, utumbo, mkia na kwato.

Hapa ndipo tofauti yetu na wale wenye mfupa wa Krismasi inapodhihirika. Kwao supu ni baki la karamu ya nyumba ileile. Waliokula mnofu juzi ndio wanaokunywa supu leo. Kwetu, mara nyingi, supu ni baki la karamu ya nyumba nyingine. Steki imekwenda Masaki, mfupa umekwenda Tandika. Sufuria la supu la mjini ni mahali ambapo tabaka mbili zinakula mnyama mmoja bila kukutana.

Kiwanda cha Kawe

Utengano huo una historia ndefu kuliko hoteli zetu za leo, na sehemu yake kubwa ilijengwa kwa matofali na chuma pale Kawe, katika wilaya ya Kinondoni. Wengi wanalijua jina la Tanganyika Packers kama kituo au kama viwanja vya mikutano ya Injili. Wachache, hasa miongoni mwa vijana, wanajua kwamba kilikuwa kiwanda cha nyama, na wachache zaidi wanajua mbia wake alikuwa nani.

Mbia huyo alikuwa kampuni ya Liebig, yenye jina la mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig. Katikati ya karne ya 19 Liebig alieleza namna ya kuchemsha nyama mpaka ibaki rojo nzito. Ulaya ya viwanda ilikuwa na wafanyakazi wengi na nyama ghali. Amerika ya Kusini ilikuwa na ng'ombe wengi waliochinjwa kwa ajili ya ngozi, nyama ikatupwa. Mwaka 1865 kampuni yenye jina lake ilianzishwa London, na kiwanda chake kikawa Fray Bentos, nchini Uruguay. Ilihitajika takribani kilo 30 za nyama ili kupata kilo moja ya rojo hiyo. Kwa maneno mengine, mojawapo ya kampuni kubwa za kwanza za chakula duniani ilitajirika kwa kupika supu: ilitoa maji katika supu, ikaifunga katika chombo, ikaivusha bahari.

Kampuni hiyo ilipofika Afrika ilitafuta kilekile ilichokipata Uruguay, yaani ng'ombe wengi na bei ndogo. Ilikuwa na shughuli zake Rhodesia ya Kusini, na mwaka 1938 ilifungua kiwanda Athi River, Kenya, ambacho baadaye kikawa cha Tume ya Nyama ya Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaingia ubia na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Serikali ilishika hisa nyingi, Liebig ikashika zilizobaki pamoja na uendeshaji, na kiwanda kikajengwa Kawe. Ng'ombe walitoka Usukuma, Unyamwezi, Ugogo na Singida, wakaletwa kwa reli ya kati. Nyama iliyotoka ilikuwa hasa ya makopo, na sehemu kubwa ilikwenda Uingereza, nchi ambayo ilikuwa bado katika mgao wa chakula baada ya vita.

Yafaa tukumbuke ng'ombe hao walipatikanaje. Wakoloni walishikilia kwamba wafugaji wa Tanganyika wana mifugo kupita kiasi cha malisho, na kwamba dawa ni kuipunguza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mifugo ilinunuliwa kwa shinikizo ili kulisha majeshi. Baada ya vita, Mpango wa Maendeleo wa Usukuma uliambatana na amri za kupunguza mifugo, na amri hizo zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyoipatia TANU wafuasi wengi Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kopo la nyama lililofunguliwa katika jiko la Liverpool lilikuwa na historia ya kisiasa ndani yake: Msukuma aliyelazimishwa kuuza, reli iliyobeba, kibarua wa Kawe aliyechinja na kuchuna.

Viwanda vya aina hiyo havitupi kitu. Mnofu huenda koponi, ngozi huenda kwa watengeneza viatu, mafuta huenda katika sabuni, na mifupa husagwa ikawa unga wa mbolea na chakula cha mifugo. Kwa mhandisi huo ni ufanisi. Kwa mtazamo wa mgawanyo ni jambo jingine: ni mfumo wa kwanza katika mji huu uliotenganisha mnofu na mfupa kwa maelfu ya ng'ombe, na kuupeleka mnofu mbali kabisa na mahali ng'ombe alipochinjwa.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitarajiwa kwamba hesabu itabadilika. Katika miaka ya 1970 wabia wa kigeni waliondoka na kiwanda kikawa cha umma. Lakini kilikuwa kimezaliwa ili kipate ng'ombe kwa bei ya chini. Wafanyabiashara wa mifugo na wenye bucha wa mijini walimlipa mfugaji zaidi ya bei iliyopangwa na serikali, na mfugaji, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, aliwauzia wao. Magonjwa ya mifugo, hasa ugonjwa wa miguu na midomo, yalizidi kuifunga milango ya masoko ya Ulaya. Kiwanda kikafanya kazi chini ya uwezo wake mwaka baada ya mwaka, mpaka katika miaka ya 1990 kikasimama. Leo sehemu ya ardhi yake ni ya mradi wa majengo marefu wa Shirika la Nyumba la Taifa.

Wapo wanaolitaja anguko la Tanganyika Packers kama ushahidi tu wa kushindwa kwa mashirika ya umma. Nawaambia wanafunzi wangu waiangalie hesabu nzima. Ng'ombe hawakutoweka. Walibadilisha njia, wakaenda mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, na kutoka huko wakaingia katika bucha zenye gogo na shoka. Kiwanda cha mnofu kilipokufa, mji wa mchanganyiko na supu ulikuwa unakua.

Mji wa mshahara wa mtu mmoja

Kwa nini supu, na kwa nini asubuhi? Jibu halipo katika ladha peke yake. Dar es Salaam ya kikoloni ilipangwa kwa rangi: eneo la Wazungu upande wa bahari, la Wahindi katikati, na la Waafrika Kariakoo na Ilala. Miaka ya 1940 na 1950 yakaongezeka makazi yaliyopangwa kwa ajili ya Waafrika, Magomeni na Temeke yakiwa miongoni mwake. Chakula nacho kilifuata rangi. Mgao wa wakati wa vita ulimpa kila mtu kadiri ya kundi aliloandikwa, kana kwamba tumbo la Mwafrika liliumbwa kwa unga wa mahindi na la Mhindi kwa mchele. Bekoni na paja la chumvi vilikuwa vya meza ya Mzungu, na kiwanda cha Uplands nchini Kenya kilijengwa na walowezi kwa ajili ya meza hiyo.

Mshahara wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kama wa mwanamume asiye na familia. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako kijijini na wanajilisha wenyewe. Mtu wa namna hiyo, anayelala chumba cha kupanga na wenzake, hana jiko la maana wala muda. Anaondoka kabla ya jua kwenda bandarini au kiwandani. Anahitaji kitu cha moto, chenye chumvi na mafuta, kitakachomfikisha mchana, na akipate njiani. Kwa hesabu hiyo supu ni jawabu timilifu. Mfupa na kwato, ambavyo mwenye steki havitaki, hutoa ndani ya maji, kwa moto mdogo wa usiku kucha, kile ambacho meno hayawezi kukitoa.

Kazi yenyewe si ndogo. Makongoro hubabuliwa motoni ili manyoya yatoke, hukwanguliwa kwa kisu, huoshwa mara kadhaa, kisha hukatwa na kuchemshwa mpaka kano zake zilainike na maji yawe mazito ya kugandisha midomo. Utumbo hutaka maji mengi na mkono usio mvivu. Chumvi hutiwa, ndimu na pilipili huachiwa mlaji. Pembeni huwapo chapati, au ndizi mbichi zilizochemshwa humohumo. Anayepika huamka saa nane usiku ili anayekula ale saa kumi na mbili asubuhi. Bei ya bakuli huonekana ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake, yaani usingizi wa mpikaji, haimo katika hesabu.

Dola, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, haikuwapenda sana wapikaji hao. Kwa wakoloni walikuwa tatizo la afya na la watu wasio na kazi maalumu. Mwaka 1983, uchumi ulipokuwa taabani, ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, na watu wa mji huu wasioweza kuonyesha kazi inayotambulika wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Ni miaka ileile ambayo mshahara halisi wa mfanyakazi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya nusu kulinganisha na mwanzo wa miaka ya 1970. Wizara, benki na viwanda viliendelea kufunguliwa asubuhi kwa sababu mwanamke wa Manzese au Buguruni, aliyeitwa mzururaji katika karatasi, alikuwa amewalisha watumishi wake kwa bei waliyoimudu. Hatimaye serikali ililegeza kamba, na biashara ndogondogo zikakubaliwa kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Jina la mama ntilie, lililoanza kwa sauti ya mteja anayeomba aongezewe, likawa jina la kazi.

Nguruwe wa mwaka 1993

Mpaka hapa nimesema kana kwamba sufuria zote za mji ni sawa. Hazikuwa sawa, na mwaka 1993 mji ulikumbushwa hivyo kwa ghadhabu. Mwezi Aprili, wakati wa Pasaka, vikundi vya Waislamu wenye hasira vilivamia na kuharibu mabucha ya nguruwe jijini. Viongozi kadhaa walikamatwa, na Baraza la Uendelezaji wa Kurani Tanzania, yaani BALUKTA, likapigwa marufuku.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa imani tu. Ilikuwapo imani, sikatai. Lakini nyama ya nguruwe haikuanza kuliwa Tanzania mwaka 1993. Kilichobadilika kilikuwa mji. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, wahamiaji kutoka bara waliongezeka katika vitongoji ambavyo desturi yake ilikuwa ya pwani na ya Kiislamu, na bucha au baa yaweza kufunguliwa mlango wa pili na msikiti bila mtu kuulizwa. Wakati huohuo Waislamu wengi walikuwa na manung'uniko ya siku nyingi kuhusu elimu na nafasi katika utumishi wa umma, manung'uniko ambayo mfumo wa chama kimoja haukuwa na ukumbi wa kuyasikiliza. Vyama vingi vilikuwa vimerudishwa kisheria mwaka mmoja tu kabla. Bucha likawa shabaha rahisi kuliko wizara.

Rais wa wakati ule, Ali Hassan Mwinyi, mwenyewe Mwislamu aliyelelewa Zanzibar, alishika msimamo kwamba kila mtu ana haki ya kula kinachoruhusiwa na imani yake. Katika kumbukumbu za wakazi wengi wa mji huu, msimamo huo umefungamana na jina lake la Mzee Ruksa. Nyama yenyewe iliendelea kuliwa, ila kwa majina ya mafumbo: kitimoto, mbuzi katoliki, mkuu wa meza. Wapo wanaosema kwamba kitimoto ni kiti cha mtu anayekula huku yu tayari kukimbia. Ikiwa ndiyo asili ya neno au siyo, inatosha kwamba watu wameona maelezo hayo yanafaa. Lugha ya mji iliweka pazia pale ambapo sheria iliweka ruhusa. Mlaji hakuacha kula, na jirani hakulazimishwa kusikia.

Nalitaja pazia hilo kwa heshima. Wasomi hupenda kuliita unafiki. Mimi naliona kuwa ni mojawapo ya mikataba isiyoandikwa inayoushikilia mji.

Udhiya na kuku wa Krismasi

Mikataba hiyo huonekana vizuri zaidi siku za sikukuu, na hapa twarudi kwenye mifupa. Katika Idd el-Hajj, mwenye kuchinja udhiya hufundishwa kugawa: sehemu ya nyumba yake, sehemu ya jamaa na majirani, sehemu ya maskini. Ipo kanuni nyingine isiyosemwa sana. Mtume alimwamuru Ali asimlipe mchinjaji kwa sehemu yoyote ya mnyama. Ujira wa mchinjaji utoke mahali pengine. Wanazuoni wengi wakaendeleza kwamba sehemu za udhiya haziuzwi. Maana yake kiuchumi ni nzito. Kwa siku hizo mfupa, kichwa na kwato hutolewa nje ya soko. Haviwi tena baki la karamu ya mwingine lililouzwa kwa asiye nacho. Huwa haki inayobishiwa hodi mlangoni.

Upande wa Krismasi na Pasaka kuna desturi ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha dini. Nyumba nyingi za Kikristo za uswahilini, zikijua kwamba majirani watafika, humwita Mwislamu achinje kuku au mbuzi, ili sinia la pilau liweze kuliwa na wote. Kama kuna nyama ya nguruwe, hupikwa siku nyingine au kwa sufuria nyingine. Kadhalika, kwa miaka mingi uchinjaji wa nyama inayouzwa kwa umma umeachiwa Waislamu, na Wakristo wakala bila kuona kwamba wamepungukiwa kitu. Supu ya makongoro imeweza kuwa chakula cha kila mtu kwa sababu ya desturi hiyo. Benchi la supu haliulizi jina la mtu.

Desturi, hata hivyo, yaweza kuvunjika. Mwezi Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuza ulifikia mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Waliokuwa wamekula nyama ya bucha moja kwa miaka mingi waligundua ghafla kwamba hawakuwa wamekubaliana. Walikuwa wamezoeana tu. Mwalimu Nyerere alipata kuonya, mwaka 1995, kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu: ukishaionja hutaacha. Tungali tunahitaji kulitafakari onyo hilo, kwa kuwa nyama tunayoizungumza hapa ni nyama kwelikweli, na ubaguzi huanzia mezani kabla haujafika bungeni.

Kinachopaswa kulindwa

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu mambo mawili yanakwenda kwa pamoja katika mji wetu.

La kwanza ni kwamba mfupa unapanda hadhi. Maduka makubwa yanaufunga katika plastiki na kuubandika bei. Mfupa uliokuwa ukiongezwa juu ya mizani, au kupewa mtoto aliyetumwa na mama yake, umekuwa bidhaa. Steki ikiongezeka mifupa nayo huongezeka, hilo ni kweli; lakini wateja wa mifupa wameongezeka kwa kasi zaidi, na mpika supu wa Mbagala sasa anashindana na mwenye mtaji. Akishindwa, hatapunguza idadi ya bakuli kwanza. Atapunguza kilichomo ndani ya bakuli, na kibarua atakunywa maji ya moto yenye chumvi.

La pili ni kwamba nafasi ya kupikia inapungua. Manispaa zimegawanywa na kugawanywa tena. Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke katika miaka ya 2010, na kila mpango mpya wa barabara huja na usafishaji wake. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo maalumu. Sipingi barabara kupitika wala chakula kuwa safi. Lakini supu ni biashara ya saa na mahali. Mteja wake yuko kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Hayuko katika jengo la soko lililo umbali wa nauli mbili. Kumhamisha mpikaji bila kumhamisha mlaji ni kuifuta kazi huku tukisema tumeipanga.

Serikali imetumia fedha kuboresha machinjio ya Vingunguti, na ni jambo la kupongezwa, kwa maana mji wa mamilioni hauwezi kuchinja kama kijiji. Lakini machinjio ya kisasa hutenganisha mnofu na mfupa kwa ufanisi kuliko shoka. Nyama itapangwa kwa madaraja, itapoozwa, na iliyo bora itatafutiwa soko Ghuba na kwingineko. Tumeshawahi kuwa na kiwanda cha namna hiyo. Swali ambalo Kawe haikujibu ni lilelile: mnofu ukiondoka, nani amepanga mfupa uende wapi na kwa bei gani? Wahenga walisema mfupa uliomshinda fisi, mbwa atauweza? Mfupa huu ulimshinda mkoloni, aliyetaka ng'ombe bila mfugaji, na ukaishinda dola iliyotaka mfanyakazi bila kujali anakula nini. Hauwezi kutatuliwa kwa greda na notisi ya siku saba.

Ningependa maofisa wa mipango miji wawahesabu wapika supu kama wanavyohesabu taa za barabarani. Wajue wako wangapi katika kila kata, wanapata wapi maji, wanapata wapi mifupa, wanatupa wapi taka, na wanalisha watu wangapi kabla ya saa mbili asubuhi. Kituo cha mabasi kikichorwa, kichorwe na sehemu yao, yenye bomba na paa. Machinjio yakijengwa, yawekwe masharti kwamba wanunuzi wadogo wa mifupa, vichwa na makongoro wapate mgao wao kwa uwazi, bila dalali watatu katikati. Hayo si maombi ya huruma. Ni gharama ndogo ya kuendesha mji ambao wafanyakazi wake wengi bado wanalipwa kana kwamba familia zao ziko kijijini na zinajilisha zenyewe.